Dakika Ishirini na Mbili

Waliokuja msibani walikuwa na habari moja tu: lile bao. Mdogo wangu alicheza soka la kulipwa miaka kumi na minne akafunga bao moja, na hata hilo hakulifunga. Mpira wa kona ulimgonga makalioni akiwa amempa mgongo mpigaji, anagombana na beki aliyekuwa anamvuta jezi, ukajaa wavuni. Mwenyewe hakujua. Alipogeuka akakuta wenzake wanamrukia, akadhani kumezuka ugomvi, akakunja ngumi. Siku tatu nzima kila aliyeingia alianza kulisimulia upya, na kila mara watu walicheka huku wanafuta macho. Nami nilicheka. Lakini yeye bao lile hakulipenda. Alikuwa kiungo mkabaji, na kazi ya kiungo mkabaji ni kuhakikisha hakuna kinachotokea. Jambo ambalo halikutokea nani atalikumbuka?

Mimi nataka kuyakumbuka hayo mengine. Sikuyaona uwanjani. Niliyaona kwenye karai.

Mama yetu alikuwa mfua jezi wa klabu ya nyumbani. Nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo kulikuwa na ua mdogo wa saruji, tangi la maji, bomba lililofungwa kwa waya kwa sababu koki yake ilikufa zamani, na kamba nne za kuanikia. Kila baada ya mechi Mzee wa Vifaa, aliyetunza mipira, njumu na jezi, alileta gunia moja mgongoni, akalibwaga chini na kusema, "Haya Mama Jezi, maiti zako hizi."

Mama hakuwa analoweka moja kwa moja. Alitandaza kila jezi juu ya saruji, akaitazama mbele na nyuma, akaipapasa kola kwa kidole gumba. Kazi hiyo aliiita kusoma. Rangi ya majani kwenye nyonga ya kushoto ina maana mtu alilala kukaba kwa mguu wa kulia. Udongo mgongoni una maana alisukumwa. Chumvi ndiyo iliyosema zaidi. Jasho likikauka kwenye kitambaa cheusi huacha mstari mweupe. Aliyecheza nusu saa mstari wake huishia kifuani, aliyecheza mechi nzima huwa na chumvi mpaka kwenye pindo. Na majani ya kweli hayatoki kwa maji matupu. Yanataka sabuni ya mche na brashi, na hata hapo yanabishana.

Wachezaji walimwogopa kuliko kocha. Wakipita uani kwenda kuoga aliwaita kwa namba.

"Wewe namba kumi! Jezi yako ya jana naweza kuivaa harusini. Ulikuwa unacheza au ulikuwa mgeni rasmi?"

"Mama Jezi, nilikuwa naumwa tumbo."

"Tumbo la woga."

Kocha mwenyewe alikuwa na desturi ya kupita pale siku ya pili ya mechi, mikono mfukoni, kama mtu anayeangalia hali ya hewa. "Nani kacheza, mama?" Mama alimjibu bila kuinua kichwa, "Walicheza watano. Waliobaki walisindikiza."

Mdogo wangu aliingia kikosi cha kwanza akiwa na miaka kumi na tisa. Baada ya mechi yake ya kwanza mama aliitandaza jezi namba sita, akakaa nayo muda mrefu kuliko nyingine zote. Mdogo wangu alisimama mlangoni na taulo shingoni, anajifanya anatafuta kandambili. Mwishowe mama akasema, "Huyu mtoto atanimalizia sabuni." Sikumsikia mama akimsifu kwa namna nyingine yoyote hadi mama anakufa, na mdogo wangu hakuhitaji nyingine. Msimu huo mashabiki wakaanza kumwita Komeo.

Alipofikisha miaka ishirini na mitatu akaja wakala, akaja mkalimani, zikaja karatasi, na mdogo wangu akaenda kucheza ng'ambo. Siku ya kuondoka mama alimkunjia nguo mwenyewe. Akamwambia, "Huko watafua kwa mashine. Mashine haina macho. Kila mwaka ukija likizo niletee jezi moja, ile ya mechi uliyocheza ukaridhika. Usiifue."

"Mama, itanuka njia nzima."

"Inuke. Wewe ulinuka miezi tisa tumboni mwangu, nilimlalamikia nani?"

Basi akawa analeta. Mara ya kwanza ofisa wa uwanja wa ndege alifungua mfuko wa plastiki, akarudisha kichwa nyuma, akauliza ni kitu gani. Mdogo wangu akamjibu, "Barua ya mama." Ofisa akaufunga haraka na kumpungia mkono apite.

Jezi za ng'ambo zilikuwa za rangi ya damu ya mzee, kitambaa chepesi kisichopenda kushikwa. Mama aliitandaza hiyo ya kwanza kwenye ua wa nyumba tuliyohamia, ile aliyotujengea mdogo wangu, yenye chumba cha kufulia na mashine mpya ndani yake. Mashine ile mama aliitumia kuhifadhia vitunguu. Mdogo wangu aligeuza ndoo, akaikalia, akaweka viwiko magotini. "Soma, mama."

"Mliongoza mapema. Halafu mkalala. Hapa kuna mtu alikukanyaga, ukanyamaza, baadaye ukamlipa. Hapa chini ulichoka, lakini hawakukutoa."

"Mama, ulikuwepo?"

"Nifuate nini kwenye baridi?"

Jezi tano mama alizisoma. Ya tano aliisoma huku amekaa, kwa sababu miguu ilikuwa imeshaanza kumkataa, na miezi mitatu baadaye alifariki. Mdogo wangu alifika siku mbili baada ya maziko. Alikuwa na mechi, akacheza, ndipo wakampa ruhusa. Hakunieleza zaidi ya hapo. Alienda uani, akageuza ndoo, akakaa mpaka nikamwita kula.

Mwaka uliofuata alileta ya sita, akanipa mimi. Sikuwa na ulimi wa mama, ila macho alikuwa ameshanifundisha. Niliisoma ile, nikaisoma ya saba. Kwenye ya saba niliona ameanza kuangukia kiwiko badala ya nyonga.

"Goti hilo," nikamwambia.

"Goti lipo."

"Sijauliza kama lipo."

Akacheka. "Wananichoma sindano kabla ya mechi. Halafu kuna vidonge. Usijali, dada, kila mtu anakunywa. Tunapitishiana kama karanga."

Mwaka ule klabu ikampeleka kwa mkopo timu nyingine, mji wa baridi zaidi. Alikaa chumba kimoja juu ya duka la matairi. Alinionyesha kwenye simu: kitanda, kabati, chuma cha kupashia joto kilichogonga kama saa mbovu, na dirisha lililotazama maegesho ya magari. Siku hizo sauti yake ilikuwa imechakaa. Aliongea kama mtu anayepandisha ngazi.

"Kazi ni ile ile, dada. Kukimbiza watu wasiojua jina lako."

"Na wewe unayajua yao?"

"Najua namba."

Mechi za timu ile hazikuonyeshwa kwetu, na magazeti yalikuwa yameshamsahau. Ningeweza kutafuta kwenye simu. Sikutafuta. Kwetu habari zilikuja na jezi, na mimi nilitaka ziendelee kuja hivyo.

Jezi ya nane aliileta akiwa na miaka thelathini na mmoja. Ilikuwa asubuhi, jua halijawa kali. Nilikuwa nimeshachota maji, sabuni nimeikata, brashi iko kando. Nikafungua mfuko. Kabla sijaitandaza, pua iliniambia. Ilinuka nguo mpya na udongo.

Niliitandaza hata hivyo. Udongo ulikuwa kifuani, tumboni, na kwenye mikono yote miwili sawasawa, kama mtu aliyepaka rangi ukuta. Nyonga ya kushoto ilikuwa safi. Nikaipapasa kola kwa kidole gumba. Haikuwa na chumvi hata chembe.

Mdogo wangu alikuwa amegeuza ndoo, anakaa taratibu, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kwa sababu haukukunjika vizuri tena. Macho yake yalikuwa kwenye bomba. Nikaelewa kwamba msimu mzima alikuwa anasugua benchi. Nikaelewa pia kwamba amebeba udongo kutoka nchi ya watu ili mimi nisijue.

"Soma, dada," akasema.

Nimeirudia asubuhi ile mara nyingi kuliko watu wanavyolirudia lile bao. Ningesema neno moja tu. Badala yake niliona aibu, si ya kwangu, ya kwake, nikataka kuifunika haraka kabla haijaonekana. Nikasema, "Dakika tisini."

"Enhe?"

"Uwanja ulikuwa na maji. Ulikaba sana upande wa kulia. Mlisawazishiwa mwishoni, ila si kosa lako. Wewe ulisimama mpaka filimbi."

Kisha akauliza, "Mama angesema hivyo hivyo?"

"Angesema hivyo hivyo."

Nikaizamisha majini. Udongo wote ukatoka kwa maji ya kwanza, bila sabuni, ukatulia chini ya karai kama masalia ya kahawa. Yeye aliyatazama maji yale, nami niliyatazama. Nikayamwaga.

Alirudi kazini siku tano kabla likizo haijaisha. Alisema anataka kuwahi mazoezi, ajipange, safari hii kocha atampa nafasi. Nilimfungia mkoba. Nilijua kinachomrudisha na bado nikamfungia.

Mwaka ule wote alipiga simu akiwa anapumua kwa nguvu. Nilipouliza kama bado wanamchoma sindano, alijibu, "Kidogo tu." Nilipouliza vidonge, alijibu, "Vya kawaida." Jumapili moja alipiga mchana, nyuma yake kelele za chumba cha kubadilishia nguo, akasema, "Dada, nimeingia!" Nikapiga makofi peke yangu jikoni, mikono ina unga. Nilitaka kumwambia inatosha sasa, rudi. Nikaona nisimharibie siku.

Alirudi mwisho wa msimu, mkataba umeisha, amevaa viatu visivyofungwa kamba. Alipovua niliona vifundo vya miguu vimepotea. Miguu ilikuwa imevimba ikawa kama ya mtu mwingine, na nikibonyeza kwa kidole shimo lilibaki. Macho yamevimba pia.

"Tunaenda hospitali," nikasema.

"Tutaenda. Kwanza soma."

Ndoo niliigeuza mimi. Nikafungua mfuko. Safari hii pua ilirudi nyuma yenyewe. Nikaitandaza jezi ya tisa juu ya saruji. Chumvi ilianzia kwenye kola ikaishia kifuani. Nyonga ya kushoto kulikuwa na mchirizi mmoja wa majani, mfupi, mkali. Kiwiko cha kulia kilikuwa na udongo ulioingia ndani ya nyuzi.

"Ulitokea benchi. Ulicheza kama dakika ishirini. Ulilala kukaba mara moja tu, ukaupata mpira. Halafu ulianguka kwa kiwiko, ukalinda goti. Baada ya hapo hukukimbia tena. Ulitembea."

Kisha akacheka, kicheko chake cha zamani, cha kutoka tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama akiwa hai.

"Ishirini na mbili," akasema. "Pamoja na za nyongeza."

"Sawa. Ishirini na mbili."

"Na ile ya mwaka jana?"

Nilishika brashi nikaiweka tena. "Ile uliipaka."

"Ulijua saa ngapi?"

"Kabla hujakaa kwenye ndoo."

Akatikisa kichwa. "Udongo wenyewe niliuchota kwenye chungu cha maua, pale maegeshoni. Mwenye duka la matairi akanikuta. Ananiuliza, Komeo, unapanda nini?"

Tulicheka mpaka akakohoa. Alipotulia akasema, bila hasira yoyote, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira, "Mimi nilitaka useme. Kwenye ndege nilikuwa nimeshapanga maneno. Dada akisema hii imepakwa, nitamwambia ndiyo, nimechoka, goti limekufa, sirudi. Ukaniambia dakika tisini. Nikasema kumbe dada bado anazitaka. Basi ngoja nikamtafutie."

"Kwa nini hukusema mwenyewe?"

"Mimi ni mkabaji, dada. Siku zote nasubiri mwingine aanze."

Niliifua jezi ile. Majani ya nyongani yalinichukua muda mrefu, na yeye alikaa pale pale hadi yalipotoka.

Hospitali daktari alimwambia aweke mezani dawa zote anazotumia. Mdogo wangu akatoa mfuko. Daktari hakuuliza anakunywa vingapi. Aliuliza miaka mingapi. Mdogo wangu akasema saba, nane hivi, na daktari akaandika, akaweka kalamu chini, akatueleza polepole kwamba vidonge vile vya maumivu, kwa miaka yote hiyo, vimeziua figo. Akamwuliza kama hakuna aliyempima huko. "Walikuwa wananipima goti," akajibu.

Nilimwuliza daktari nje, kwenye korido, kama angekuja mwaka mmoja kabla ingekuwaje. Alinitazama, nadhani aliona kwamba sikuuliza kwa ajili ya mgonjwa. Akasema, "Ingewezekana kuokoa kitu. Siwezi kukuambia kiasi gani." Namshukuru kwa kutonidanganya. Mimi nilishajua kazi ya uongo mzuri.

Akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Chumba kilikuwa na vitanda sita na mashine sita, pazia la kijani, na saa ya ukutani iliyosimama saa nne. Nilikaa naye kwenye kiti cha plastiki. Alinong'ona kila muuguzi alipopita, "Mashine ya kufulia hii. Mama angekataa. Angeweka vitunguu." Wagonjwa wengine walijua alikuwa mchezaji, na wao pia waliuliza habari za lile bao. Aliwasimulia, saa nne za mashine ni ndefu. Siku zenye nguvu alisimulia vizuri. Siku nyingine alinipa ishara nimalizie mimi, na nilikuwa nimeshajua pa kuweka ngumi.

Siku moja tukitoka aliomba tupitie uwanja wa zamani. Timu ilikuwa inafanya mazoezi. Hakutaka kuingia. Tulisimama kwenye wavu wa nje, yeye ameshika waya kwa vidole, akamwangalia kijana mmoja anayecheza namba sita.

"Anasimama vibaya?" niliuliza.

"Hapana. Anasimama vizuri." Akaukaza waya. "Anasimama vizuri sana. Hakuna anayemwona." Kisha akasema twende, amechoka. Neno hilo, nimechoka, ukiacha yale maneno aliyoyapanga kwenye ndege, alikuwa hajawahi kulisema mbele yangu. Safari hii nililisikia, nikamshika mkono, tukaenda nyumbani taratibu.

Alifariki miezi minne baadaye, asubuhi, akiwa amelala. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Wiki iliyopita Mzee wa Vifaa alikuja nyumbani. Amezeeka, gunia hawezi kulibeba tena, ila bado anaitunza stoo. Alikaa kwenye kiti, akavua kofia, akaniambia uongozi wa klabu unataka jezi moja ya Komeo waitundike ukutani ofisini, ndani ya fremu, na maandishi chini.

"Wametaka ya ng'ambo, mwanangu. Ya mechi kubwa."

Nikaenda kabatini. Zote tisa zipo, safi, zimepangwa. Zikishafuliwa hazisemi kitu. Mtu asingejua ipi ni ipi. Mimi najua. Niliipita ile ya nane, nikamletea ya tisa.

Akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza. "Hii alicheza vipi?"

"Alitokea benchi. Dakika ishirini na mbili, na za nyongeza humo humo. Alikaba mara moja, akaupata mpira. Mwishoni alitembea."

Mzee alinitazama juu ya miwani yake. "Wao walitaka kuandika kuhusu lile bao."

"Najua."

"Sasa niwaambie waandike nini? Dakika ishirini na mbili?"

"Waandike hivyo hivyo. Dakika ishirini na mbili."

Alitoa kalamu mfukoni, akaandika nyuma ya bahasha, akiitamka kila herufi kwa midomo. Kisha akaikunja jezi vibaya, kama kawaida yake, mikono ndani na namba imevunjika katikati. Nikamnyang'anya. Nikaitandaza mezani, nikainyoosha kola kwa kidole gumba, nikaikunja upya, namba kwa juu.